Nani Amegusa Faili la Jiwe?

Leo nimejiaibisha. Sikuaibishwa na mtu, nimejiaibisha mwenyewe, kwa vidole vyangu, mbele ya mama mkwe.

Wenzangu, mnanijua mimi si msemaji. Tangu Baba Neema afariki, miezi minne sasa, humu kundini nimekuwa nasoma tu na kuweka alama ya dole. Lakini la leo nikilinyamazia litanipasua kifua. Nalisema lote, hata mahali ambapo ningependa kuruka. (Hasa hapo.)

Baba Neema alikuwa fundi wa kompyuta. Watu walimletea zilizokufa, naye akazifufua, au akazirudisha akiomba radhi. Ya kwake mwenyewe ndiyo ilikuwa mbovu kuliko zote. Ile sehemu ya kupapasa kwa kidole ilikufa zamani. Hakuna mshale, hakuna picha. Ukiiwasha unakuta skrini nyeusi na maandishi meupe, kama ubao wa darasa la tatu. Nikimwambia, "Si uitengeneze?" ananijibu, "Nani amtengenezee fundi?" Halafu anacheka peke yake.

Alipoanza kuumwa akaamua kunifundisha. Mimi na darasa langu la saba, muuza nyanya na vitunguu hapa Engutoto! Nilikataa. Alinishika mkono akauweka juu ya vitufe. "Andika l, halafu s. Bonyeza Enter." Nikaandika. Skrini ikanitajia kila kilichokuwa ndani.

"Umeona? Hiyo amri haifungui mlango wa mtu," alisema. "Inachungulia tu dirishani na kukuambia waliomo."

Siku nyingine akaniongezea. Ukiweka kistari na l nyingine mbele yake, inakutajia kwa kirefu: kitu ni cha nani, kina ukubwa gani, kiliguswa mara ya mwisho tarehe ngapi na saa ngapi. Nilipenda hiyo. Niliipenda vibaya. Ilikuwa kama kuwa na jirani mmbea asiyesema uongo.

Akanifundisha pia kufungua faili, kusoma na kuandika. Kutoka ndiko kulinisumbua, kwa sababu ukitaka kutoka inakuuliza swali kwa Kiingereza. Baba Neema akasema, "Wewe ikikuuliza, bonyeza Y, halafu Enter, basi." Nikaandika kwenye daftari langu la deni la nyanya: *Ikiuliza, Y, Enter, basi.* Sikuuliza inauliza nini. Kwa akili yangu ilikuwa inauliza, "Je, unataka kuondoka?" Ndiyo, nataka kuondoka.

(Likumbukeni hilo. Mimi sikulikumbuka.)

Wiki ya mwisho kabla hajalazwa aliniambia, "Mama Neema, maneno ya jiwe langu nimeyaandika. Faili linaitwa jiwe. Usikubali mtu ayaguse. Ninamjua dada yangu." Nikamwambia aache mambo ya mawe, anywe uji. Lakini nilipobaki peke yangu nilifanya ile orodha ndefu, nikaona *jiwe*, na ukubwa wake: 95. Nikaandika kwenye daftari. Jiwe, 95. Sikulifungua. Sikuweza.

Basi. Tuje leo.

Asubuhi nafunga kibanda, simu inaita. Ni Mzee Jaswant, fundi wa mawe kule Themi, ambaye baba yake na babu yake walichonga mawe ya makaburi ya nusu ya mji huu.

"Mama Neema, habari ya asubuhi. Jiwe liko mezani, safi, linang'aa. Maneno yako wapi?"

"Leo, mzee. Familia inakaa leo kuyasikiliza."

"Leo kabla ya saa kumi, mama. Kesho nafunga, mtoto wa kaka yangu anaoa. Yasipofika, jiwe litalala hivyo hivyo mpaka mwezi ujao."

Mwezi ujao! Na Jumamosi ijayo mchungaji anakuja kuliweka jiwe, na watu wamekwisha kualikwa. Nikajiona nimesimama kaburini na kwaya, na sufuria za pilau, na jiwe lisilo na hata herufi moja.

Kwa nini nisiyatume mwenyewe? Kwa sababu kwa wakwe zangu, Oldonyo Sambu, neno la kaburini halipelekwi kwa fundi kabla mama wa marehemu hajalisikia kwa masikio yake. Likipelekwa kimyakimya, ni kama umemzika mtoto wake mara ya pili bila kumwita. Nikaitia kompyuta kwenye kikapu, nikaifunika kanga, nikaenda.

Upande ule wa mlima mnaujua. Vumbi na upepo, na Meru imekugeuzia mgongo. Nilifika nimekuwa rangi ya njia.

Waliokuwepo ni watatu. Yeyo, mama mkwe wangu (ndivyo sote tunavyomwita, ni mama kwa Kimaa, lugha ya kwao), amekaa kwenye kiti chake cha kamba na fimbo magotini. Kiswahili anakisikia kidogo, cha sokoni. Shemeji Lomayani, mdogo wake marehemu, ambaye ndiye msoma matangazo kanisani. Na wifi Esuvat, dada yao mkubwa.

Wifi Esuvat nimweleze vizuri, maana bila yeye hakuna kisa. Ni mwanamke wa sauti. Baada ya mazishi alikuja kukaa na mimi Engutoto wiki tatu, kunifariji. Na tangu siku hizo alikuwa na wazo lake kuhusu jiwe. Alitaka aya ya Biblia, tena ndefu. Alitaka "Fundi Hodari". Alitaka na majina ya shule alizosoma kaka yake.

"Shikamoo Yeyo. Shikamoo wifi."

"Marahaba. Umechelewa," alisema wifi. "Au umepitia kwa fundi kwanza?"

Mnaona? Sijakaa hata kwenye kigoda.

Nikanywa chai. Nikaweka kompyuta juu ya meza, nikaiwasha. Ikaja ile skrini nyeusi. Wifi akainama, akachungulia.

"Imekufa hii."

"Haijafa, wifi. Ndivyo ilivyo."

"Mbona giza tupu? Picha ziko wapi? Hata simu yangu ya tochi ina picha ya ua!"

Na hapa ndipo lilipoanza kosa langu la kwanza, naliungama: nilijisikia. Mimi muuza nyanya, nimekaa mbele ya wakwe, naandika amri. Nilikunja mikono ya blauzi. Niliandika ile orodha fupi. Nikaona haitoshi, nikaandika ile ndefu, ili waone. Mistari ikamiminika. Shemeji akasema, "Duh!" Yeyo akauliza jambo kwa Kimaa, shemeji akamjibu, Yeyo akanitazama kwa heshima. Kwa heshima! (Ilidumu kama dakika mbili. Nimeitunza moyoni.)

Nikatafuta *jiwe*. Nikaliona. Nikapitisha kidole kwenye mstari wake kama nilivyofundishwa.

Ukubwa: 558.

Nikafungua daftari. Jiwe, 95.

Nikatazama skrini tena. 558! Nikatazama tarehe. Mwezi wa tano, tarehe kumi na moja, saa 14:20. Baba Neema tulimzika mwezi wa nne.

Wenzangu, damu ilinipanda. Nikasikia masikio yanalia kama sufuria ya chai. Niliyasikia maneno yake: usikubali mtu ayaguse, ninamjua dada yangu. Na mwezi wa tano nani alikuwa nyumbani kwangu? Nani alikuwa anaomba kila siku "nione picha za kaka kwenye kompyuta"? Nani alitaka aya?

Mimi, mtu ambaye mkinikanyaga sokoni naomba radhi mimi, nilisimama.

"Kuna mtu amegusa faili la jiwe."

"Amegusa nini?" akauliza shemeji.

"Maneno ya marehemu. Yalikuwa madogo, sasa yamevimba. Yameguswa baada ya sisi kumzika. Tazama tarehe. Tazama saa. Saa nane na dakika ishirini mchana!"

Wifi Esuvat akaweka kikombe chini polepole. "Mbona unaniangalia mimi?"

"Sijamtaja mtu, wifi."

"Hujanitaja, lakini umenikodolea macho! Mimi hilo sanduku lenu la giza hata kuliwasha sijui!"

"Kompyuta haidanganyi, wifi."

(Nilisema hivyo. Kwa sauti. Mungu anisamehe, nilirudia mara mbili.)

"Ee! Yeyo, umesikia? Naitwa mwizi wa maneno! Mimi niliyeacha ng'ombe wangu wiki tatu kwenda kumfariji huyu!"

Yeyo hakuwa amesikia, au alisikia nusu, lakini fimbo yake ilisikia. Ikagonga sakafu mara moja. Akasema maneno machache kwa Kimaa, na shemeji Lomayani akatutafsiria: "Yeyo anasema lisomwe. Atajua mwenyewe lipi la mwanawe na lipi si lake."

"Lisomwe!" akasema wifi. "Tena lote, tumjue huyo mwandishi!"

"Lote!" nikasema mimi, nimesimama, kidole juu kama mwendesha mashtaka. "Mbele ya Yeyo. Shemeji, soma wewe, mimi miwani nimeiacha kibandani, namba naziona ila maneno marefu yananishinda. Na lisirukwe hata neno moja!"

Hayo ni maneno yangu. Hakunilazimisha mtu.

Nikafungua faili, nikaisukuma kompyuta mbele ya shemeji. Sasa, shemeji Lomayani mlitakiwa mumjue. Amesoma matangazo kanisani miaka mingi. Ukiweka karatasi mbele yake anasimama, anakohoa, anasoma kutoka juu mpaka chini, kwa sauti ya kufika viti vya nyuma, na hasimami mpaka karatasi iishe. Iwe harusi, iwe ng'ombe aliyepotea. Hasikilizi anachosoma. Yeye anasoma. Na kwa kuwa Yeyo alikuwepo, akawa anasoma sentensi moja kwa Kiswahili, halafu hiyo hiyo kwa Kimaa.

Akasimama. Akakohoa.

"Meshaki, baba Neema."

Kimaa.

"Nilitengeneza vilivyoharibika."

Kimaa. Yeyo akafumba macho.

"Vingine vilinishinda."

Kimaa. Wifi akatoa kitambaa.

"Asanteni kwa subira."

Kimaa. Ni yeye. Ni yeye kabisa, na kicheko chake cha peke yake. Nikawaza: hayo ndiyo yake. Sasa yanakuja ya mwizi. Nikamtazama wifi, nikangoja aanguke.

Shemeji akashusha pumzi, akaendelea kwa sauti ile ile.

"Baba Neema, dada yako ameondoka leo asubuhi."

Kimaa.

Kile kidole changu kikashuka chenyewe.

"Mungu ni mwema."

Kimaa. Yeyo akaitikia, "Amina," akifikiri ndiyo ile aya.

Ikanirudia yote. Jumatatu ile. Nimetoka kumsindikiza wifi stendi, nimerudi, nyumba imenyamaza mpaka nasikia bomba la jirani likidondosha maji. Nikaiwasha kompyuta yake. Nikafungua jiwe kwa mara ya kwanza, nikasoma maneno yake, na chini yake palikuwa patupu. Sijui ilikuwaje. Nikaanza kumwandikia. Niliandika nikamaliza, ikaniuliza lile swali lake la Kiingereza, nikabonyeza Y, Enter, basi. Niliamini nimetoka tu. Niliamini yale maneno yamekwenda alikokwenda yeye. Baada ya hapo sikulifungua tena, wala sikuliwaza.

"Shemeji," nikasema. "Inatosha."

"Wiki tatu nimelala kwenye kochi, na yeye anakoroma kitandani kwetu kama mashine ya kusaga."

"Shemeji!"

"Ulisema lisirukwe neno," akasema, bila kuniangalia, kisha akageuka kwa Yeyo. Hapo kwenye mashine ya kusaga Kimaa kilimpungukia kidogo. Akafikiri. Halafu, ndugu zangu, akaiga. Akavuta pumzi kwa pua, akatoa mlio mrefu, mzito, wa mashine ya kusaga mahindi siku ya soko. Yeyo akafumbua macho.

Nikaikimbilia kompyuta niifunge. Akainyanyua juu ya kichwa, anasoma huku ameinua shingo. Nikaomba betri ife. Betri ile! Miaka yote ilikuwa inazima ukipiga chafya. Leo ikasimama imara kama askari wa benki.

"Sukari amemaliza."

Kimaa.

"Kila mgeni akija analia upya, mimi ndiye nakaa nambembeleza, utafikiri mume alikuwa wake."

Kimaa. Sikumtazama wifi. Nilitazama kalenda ya ukutani. Ina picha ya twiga.

"Mimi sijalia bado. Sijui nalia lini."

Hapo sauti yake ilishuka kidogo. Nadhani ndipo alipoanza kusikia anachosoma. Lakini mazoea ni mazoea, alikwenda mpaka chini.

"Leo nimepika makande nikapakua sahani mbili. Ile ya pili nimekula pia. Maneno yako ya jiwe ni mazuri, ila wataniuliza kwa nini hakuna aya ya Biblia. Utanijibia wewe."

Kimaa, polepole.

Kisha, kwa sababu hajui kumaliza vinginevyo, akasema: "Huo ndio mwisho wa matangazo."

Akakaa.

Nimewahi kuanguka na tenga la nyanya katikati ya barabara. Nimewahi kuingia kwenye ibada ya watu wengine nikaimba mpaka mwisho. Hayo yote niliyabeba. Lakini kuumbuka sentensi moja moja, na kila moja ikarudiwa kwa lugha ya pili ili isipotee, hilo sikuwa nimelijua. Tena kwa ushahidi nilioleta mwenyewe kwenye kikapu!

Wa kwanza kusema alikuwa Yeyo. Maneno machache, uso mkavu. Shemeji akasita.

"Anasemaje?" nikauliza. Afadhali nijue.

"Anasema, Esuvat akiwa mtoto, akilala tu mbuzi walikuwa wanahama upande wake wa zizi."

Yeyo mabega yakaanza kutikisika. Anacheka bila sauti, machozi yanamtoka, fimbo inagonga sakafu yenyewe. Shemeji akaziba mdomo. Mimi sikucheka. Wifi hakucheka. Alisimama, akajifunga lubega lake vizuri, akatoka nje bila neno. Wifi Esuvat, bila neno! Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nikamfuata. Nilimkuta ameingia jiko la nje, amekaa kwenye kigoda, ananipa mgongo.

"Wifi, nisamehe. Nimekusingizia mbele ya mama yako. Ni mimi niliyeligusa. Sikujua kwamba ile Y ndiyo inayahifadhi maneno."

Akachokoa majivu ya jana kwa kijiti.

"Na lile la sukari..."

"Kochi lile," akasema bila kugeuka. "Lile lenye chuma kinachochoma ubavuni?"

"Ndilo."

"Wiki tatu?"

"Wiki tatu."

"Sasa kwa nini hukusema, wewe mwanamke? Mdomo huna?"

"Ningesemaje wifi, ulikuwa unalia."

Akageuka. Niwaambieni, alikuwa amekasirika kweli, macho mekundu. "Nilikuwa nalia kwa sababu wewe ulikuwa hulii! Wageni wanaingia, mjane amekaa mkavu kama ukuta, anawauliza mnataka chai ya rangi au ya maziwa! Nikasema watu watasemaje? Watasema kaka yangu hakupendwa nyumbani kwake. Basi nikalia. Nikalia zamu yangu na zamu yako. Unafikiri ni kazi ndogo? Sukari nilikuwa nakunywa nipate nguvu!"

Nilitaka kujibu. Nilikuwa na jibu zuri tu. Mdomo ukafunguka, ikatoka sauti nyingine, kama ya ndama. Kikaja kile kilio. Cha miezi minne, chote, bila adabu, na makamasi. Nimelia mpaka kanga imelowa, mpaka kuku wametoka jikoni. Wifi akanishika kichwa, akakibana kifuani mwake kwa nguvu kiasi kwamba hereni ilinichora shavu, akawa ananikaripia: "Ndiyo, lia, mbona ulichelewa, lia."

Shemeji alipokuja mlangoni nikamwambia ni moshi.

Jiko lilikuwa halijawashwa.

"Pole na moshi," akasema. Ni mtu mwema. "Shemeji, nimekwisha kuyatuma kwa fundi. Saa tisa na nusu imefika, nikaona tusichelewe. Nimeipiga picha skrini."

"Umepiga picha ipi?"

"Ya maneno."

"Yapi, shemeji? Umetuma maneno yapi?"

"Yote," akasema. "Si ulisema lisirukwe hata neno?"

Simu yangu ikaita.

"Mama Neema," akasema Mzee Jaswant, na nikasikia karatasi aliyonakilia ikipinduliwa. Sauti yake ilikuwa ya upole mno, kama ya daktari. "Maneno nimeyapata. Nimeyasoma mara mbili. Mimi katika kazi hii nimechonga mengi, sihoji familia ya mtu. Lakini jiwe ni dogo, mama. Hii mashine ya kusaga, iingie au isiingie?"

Nilifumba macho.

"Na hili la sukari, tuliweke chini kwa herufi ndogo?"

Wifi Esuvat, ambaye masikio yake ni mazima kuliko ya popo, alininyang'anya simu.

"Mzee, shikamoo. Mimi ndiye mashine ya kusaga. Nisikilize. Andika mistari minne ya juu. Unaona palipoandikwa asanteni kwa subira? Hapo weka nukta, ufunge kazi, uende harusini."

"Na aya ya Biblia, mama? Wengi huweka."

Wifi akanitazama. Mimi nikatazama majivu. Mlangoni alikuwa amesimama Yeyo na fimbo yake, sijui tangu lini. Shemeji akamnong'oneza swali. Yeyo akajibu neno moja, na kwa mara ya kwanza leo hapakuhitajika kutafsiri, maana alitikisa kichwa: hapana. Kisha akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, taratibu, "Asante kwa subira. Meshaki, huyo."

"Haina aya," wifi akasema kwenye simu. "Andika kama alivyosema mwenyewe." Akakata.

Basi jiwe litakuwepo Jumamosi, na maneno yake yote, hakuna aliyeyagusa. Isipokuwa mimi. Na sasa Oldonyo Sambu yote itajua nilimwambia marehemu kwamba dada yake akiondoka Mungu ni mwema. Shemeji anasoma matangazo kesho kanisani. Nimemwapisha haya yasiwemo.

Nimerudi Engutoto jioni hii. Sikurudi peke yangu. Wifi alipanda kwenye gari kabla yangu, na kilo mbili za sukari mapajani, akisema anakuja kuhakikisha nalia vizuri maana mwanzo wangu ulikuwa mbaya. Nimebishana naye njia nzima. Amekataa kitanda, nikamkatalia kochi, nikashindwa, kama kawaida yangu. Yeye yuko kochini. Mimi niko chumbani, nawaandikia kwa simu. (Kompyuta nimeifungia kabatini. Ikiniuliza swali lingine la Kiingereza sitaijibu.)

Amejinyoosha "dakika tano tu", na mashine imekwisha kuwaka. Ukuta unatetemeka. Glasi kabatini zinagongana.

Kwa hiyo nawaomba, mkitaka kucheka chekeni huko huko mliko, msinipigie simu. Mtamwamsha, na nyumba itanyamaza tena.